Kenga Kiti na Kiti Kenga: Gunia Lililopungua

Lori lilikuwa linatoka. Mzee Kenga alilisikia kwenye simu: breki zikipumua, gia ikiingia, taniboi akipiga ubavu wa bodi mara mbili kumwambia dereva twende.

Lori lilikuwa Shimanzi. Yeye alikuwa Ndia Kuu, Mji wa Kale, ndani ya duka la Sheikha, ameshika simu ya watu.

"Limefika wapi?"

"Lishapita lango la ndani," alijibu Chonga, bawabu wa godauni. "Sasa laenda lango la nje. Mbele yake kuna lori moja tu."

"Lizuie."

"Kwa sababu gani, mzee?"

Hapo ndipo tulipomwacha wiki jana, mdomo wazi. Na kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa mahamri kabla hujalisoma, shika haya machache, twende pamoja.

Mzee Kenga Kiti, miaka hamsini na mmoja, ni karani wa kuhesabu magunia. Mwanzo wa mwaka jana, 1998, alijiandikisha kwa siri katika chuo kimoja cha ng'ambo kinachosomesha kwa kompyuta. Chuo hicho hakina ukuta, hakina kengele, wala hakuna aliyewahi kumwona mwalimu wake. Masomo huja kwa waya wa simu mpaka kwenye kompyuta ya Sheikha. Sheikha huyachapa, mwanafunzi huja kuyachukua. Miaka miwili ya haraka, kwa mtu ambaye tayari ana kazi, halafu shahada.

Mzee Kenga alipoanza, Sheikha alikuwa na wanafunzi watatu. Sasa anao arobaini na mmoja: wauguzi, makarani wa forodha, mwuza vitambaa, hata mwalimu mmoja wa madrasa anayesomea hesabu za biashara. Kila mmoja ana boksi lake la viatu rafuni, limeandikwa jina, na humo ndimo masomo yake hutiwa.

Jumanne hii, siku mbili kabla ya mtihani wa mwisho, imeingia barua. Chuo kimefunga jina la Mzee Kenga. Kinasema kina wanafunzi wawili Mombasa, mmoja Kenga Kiti na mwingine Kiti Kenga, na kwamba hao si wawili. Ni mtu mmoja aliyejigeuza ili apate shahada mbili.

Msiwalaumu sana. Kompyuta ya ng'ambo haijui mambo ya Wagiriama. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Baba wa Mzee Kenga aliitwa Kiti, basi yeye ni Kenga wa Kiti. Akazaa, akamwita mtoto Kiti, na mtoto akawa Kiti wa Kenga. Jina linakwenda na kurudi hivyo tangu zamani, na halijawahi kumpoteza mtu, mpaka lilipopelekwa ng'ambo kwa waya.

Ndiyo. Kiti Kenga ni mwanawe. Baba na mwana hawajasemezana kwa miaka miwili, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake anasoma.

Chuo kimetoa sharti moja. Alhamisi saa nne asubuhi, hao wawili wakae chumba kimoja, mbele ya shahidi mmoja, wafanye mtihani. Mmoja akikosekana, wote wawili wamefutwa.

Na dereva wa lori linalotoka Shimanzi ni Kiti. Anakwenda Kigali. Kwenda na kurudi, siku kumi na mbili.

Haya. Turudi kwenye simu.

"Mzee? Nauliza kwa sababu gani. La mbele lishatoka. Sasa ni zamu yake."

Mzee Kenga alimtazama Sheikha. Sheikha alitazama mashine yake ya faksi.

"Hesabu imepungua," Mzee Kenga akasema. "Gunia moja."

"Hesabu yako wewe?" Chonga akauliza.

"Yangu mimi. Funga lango."

Mzee Kenga alikuwa na miaka thelathini na moja katika kazi ile, na kabla ya hapo hakuwahi kutoa hesabu ya uongo. Aliweka simu chini taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kikapu.

"Imepungua kweli?" Sheikha akauliza.

"Haikupungua."

"Haya. Basi kimbia, kabla hawajahesabu."

"Ngoja kwanza. Wewe ulijua. Miaka miwili ulijua kwamba yeye pia yuko hapa."

"N'lijua. Yeye huja Jumatatu, wewe huja Alhamisi. Maboksi yenu n'liyaweka rafu mbalimbali msije mkaonana hata kwa maandishi. Kila mmoja aliniambia nisimwambie mtu, nami sikumwambia mtu. Sasa mimi n'na kosa gani, Mzee Kenga?"

Hakuwa na kosa. Mzee Kenga aliikunja barua, akatoka, akakata katikati ya Marikiti kwa miguu huku wachukuzi wakimpigia kelele apishe, akafika Shimanzi shati limemganda mgongoni.

*

Sheria ya godauni ni fupi. Karani akisema lori limepungua, lori halitoki. Hurudi, likashushwa lote, likahesabiwa upya chini. Hilo lilikuwa na magunia mia tano na sitini ya mbolea. Wachukuzi walishaoga, wakavaa mashati yao ya kwendea nyumbani. Waliyavua tena, wakimtazama Mzee Kenga.

Kiti alishuka kwenye lori. Ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, na ukimweka kando ya babake utafikiri picha moja imetolewa nakala mbili. Hakumtazama babake. Alimtazama Chonga.

"Chonga, muulize karani ni gunia gani lililopungua."

"Anauliza ni gunia gani," Chonga akasema.

"Nimemsikia. Mwambie lori lihesabiwe."

"Anasema lihesabiwe."

"Mwambie nilikuwepo likipakiwa. Halikupungua."

"Anasema..."

"Mwambie anayehesabu hapa ni mimi."

Chonga alikuwa na miaka miwili katika kazi hii. Ya lango alikuwa akilipwa. Hii ya maneno aliifanya bure.

Meneja alitoka ofisini. Anaitwa Morris, mtu wa bara, kijana, na ni yeye aliyeleta kompyuta katika godauni na kutangaza kwamba karani asiye na shahada hatauona mwezi wa Januari. Alisimama na kikokotoo mkononi mpaka gunia la mwisho.

"Mia tano na sitini," akasema. "Imetimia."

"Imetimia," Mzee Kenga akasema.

"Lakini ulisema imepungua."

"Nilikosea."

Wachukuzi waliacha kupangusa jasho. Mmoja wao aliketi chini.

"Mzee," Morris akasema, "wewe nimekukuta hapa kama mizani. Nitalazimika kukuandikia barua."

"Andika."

Morris akaenda kuandika. Wachukuzi wakaanza kupakia tena. Na hapo Kiti akasogea, akamtazama babake usoni, akasema neno la kwanza tangu mwaka juzi.

"Wewe hukosei."

Mzee Kenga akampa barua ya chuo.

Kiti aliisoma ameegemea tairi. Aliisoma mara mbili.

"Wewe wasoma?"

"Na wewe wasoma?"

"Tangu lini?"

"Januari, mwaka jana."

"Mimi Februari."

"Basi nilikutangulia."

"Ulinitangulia kuzaliwa pia. Hukupewa zawadi."

"Mimi sasa nikae," Chonga akauliza, "au niende zangu nikale?"

Akakaa.

Kiti aligonga barua kwa kidole. "Hapa wanasema majibu yetu ni mamoja. Swali la kusimamia ghala. Wote tumeandika usihesabu magunia, hesabu mapengo. Umeniibia jibu langu."

"Lako?"

"Langu. Nililiandika mimi."

"Nani alikufundisha kuhesabu mapengo?"

Magunia ghalani hupangwa kumi kwa kumi, tabaka juu ya tabaka. Karani mjinga huhesabu gunia moja moja mpaka jioni. Karani anayejua hutazama penye pengo, huhesabu yaliyokosekana, huyatoa kwenye jumla, huenda nyumbani. Kiti alifundishwa hayo juu ya meza ya chakula, kwa maganda ya korosho, kabla hajajua kuandika jina lake. Aliyemfundisha alikuwa mbele yake.

"Nikikosa safari hii," Kiti akasema, "mwenye lori atamkabidhi mtu mwingine."

"Najua."

"Wajua, na umelirudisha."

"Nimelirudisha."

"Kwa uongo."

"Kwa uongo."

"Mwaka juzi ulikuwa huwezi kusema uongo hata wa neno moja."

Hapo sasa ndipo penye kidonda, na wasomaji wa zamani mnapajua. Mwaka juzi, katika mvua zile za El Nino, Kiti alikuwa kibarua katika godauni hiyohiyo. Siku moja alitoka akauacha mlango wa nyuma wazi. Maji yaliingia. Magunia mia mbili na kumi na mawili ya saruji yaligeuka mawe. Tajiri wa godauni aliwakusanya watu wote akauliza ni nani aliyeuacha mlango. Watu thelathini walitazama chini. Mzee Kenga akasema, "Ni mwanangu."

Kiti alifutwa kazi palepale, mbele ya watu. Tangu siku ile alisema kwamba hana baba pale, ana karani.

"Nitakuja Alhamisi," Kiti akasema sasa. "Siji kwa ajili yako. Naja kwa ajili ya miaka yangu miwili. Usinisemeze."

"Sina la kukusemeza."

"Mwambie na habari ya Kache," Chonga akasema.

"Nyamaza, Chonga."

"Mkaza mwanao ana miezi minane, mzee. Yuwaja kujifungua mwezi ujao."

"Nimemwona njiani," Mzee Kenga akasema polepole. "Nilimpisha."

Kiti alitoa ufunguo wa lori mfukoni, akaushika mkononi.

"Akiwa wa kiume," akasema, "hataitwa Kenga. Jina hilo limeishia hapa."

Akaenda kumpa taniboi ufunguo awapelekee wenye lori. Kwa Mgiriama, hilo si neno la kusemwa kando ya tairi. Chonga aliinuka akaenda kusimama langoni, ingawa hakukuwa na gari lililokuwa likija.

*

Alhamisi, saa tatu unusu, duka la Sheikha lilikuwa limefungwa kwa wateja. Meza mbili zilitengwa, moja chini ya dirisha, moja kando ya rafu ya maboksi.

Shahidi aliyetakiwa na chuo ni "mtu mwenye heshima katika jamii." Sheikha alimleta Mwalimu Levi wa Tononoka, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye alikuja na saa ya mezani, kalamu nyekundu, na tabia yake ya kupekua mikono ya mashati.

Alipekua mikono ya Mzee Kenga.

"Mwalimu, mimi nina wajukuu wa binti zangu," Mzee Kenga akasema.

"Wengi walionidanganya walikuwa na wajukuu. Geuza kofia."

Nje barazani alikuwa ameketi Tumu, mke wa Mzee Kenga na mama wa Kiti. Muda wote ule wa kununiana yeye alikuwa akipika katika nyumba moja na kupeleka chakula katika nyingine, na hakuna hata mmoja aliyemwambia asante kwa kutembea. Alikuwa na mfuko. Ndani mlikuwa na mashati mawili ya kitenge, kitambaa kimoja, mshono mmoja, aliyoyashonesha kwa siku mbili.

"Vaeni."

"Tumu, huu ni mtihani," Mzee Kenga akasema.

"Mtapigwa picha iende ng'ambo. Hamwendi ng'ambo mmevaa kama watu waliofukuzwa. Vaeni, nyote wawili. Na mkitoka humo hamjasemezana, msije kwangu kula. Wewe Kiti nakwambia. Na wewe baba Kiti nakwambia."

Walivaa.

Picha ilikuwa sharti la pili. Chuo kilitaka kuwaona wote wawili wamesimama pamoja, wameshika gazeti la siku hiyo, ipelekwe kwa faksi kabla ya karatasi za maswali kufunguliwa. Sheikha alikuwa na kamera ile inayotoa picha papo hapo. Akawasimamisha ukutani.

"Sogeeni."

Walisogea kidogo.

"Sogeeni, hii si picha ya mpaka wa nchi."

Gazeti wakalishika katikati, kila mmoja pembe yake, mikono isigusane. Sheikha akapiga picha, akaitia kwenye faksi, faksi ikalia, picha ikaenda.

Jibu likaja baada ya dakika kumi na tano. Mwalimu Levi alilisoma kwa sauti, bila kubadilisha uso.

"Picha imepokelewa. Inaonyesha mtu mmoja amesimama kando ya kioo."

"Kioo gani?" Tumu akauliza kutoka barazani. "Kioo chenye mvi upande mmoja? Hawana macho watu hao?"

"Faksi haitoi mvi, mama Kiti," Sheikha akasema. "Hutoa nyeusi na nyeupe tu. Na mashati... mashati nayo..."

"Mashati yana nini?"

"Hayana kitu. Ni mazuri."

Mwalimu Levi aliendelea kusoma. "Watahiniwa wataruhusiwa kufanya mtihani. Bodi itaamua kama ni mmoja au ni wawili baada ya kusoma majibu. Uamuzi huo utakuwa wa mwisho."

Kiti akavuta kiti chake. "Basi tumekwisha. Tutaandika mamoja tena. Ninachokijua mimi ndicho anachokijua yeye."

"Si nilikufundisha," Mzee Kenga akasema.

"Ndilo hilo nisemalo."

"Kimya!" Mwalimu Levi akasema, akageuza saa yake ya mezani iwatazame. "Ni saa nne. Anzeni."

Kwa muda wa saa tatu nzima hakusikika kitu ila feni na kalamu. Maswali manne ya kwanza yalikuwa ya faida na hasara na ya kuajiri watu. Swali la tano lilikuwa hili: Eleza uamuzi mmoja ulioushuhudia kazini. Sema kama ulikuwa sahihi au si sahihi. Tetea rai yako.

Mzee Kenga alilisoma, akaweka kalamu chini. Kisha akaandika bila kusimama mpaka karatasi ikageuka.

Kiti naye, katika meza yake, alikuwa ameshaanza.

Saa saba Mwalimu Levi alikusanya. Kazi ya Sheikha ilikuwa kuyapiga majibu chapa kwenye kompyuta yaende ng'ambo, mbele ya mwalimu, neno kwa neno, bila kusahihisha. Alipiga swali la kwanza mpaka la nne la kila mmoja, vidole vikienda mbio. Alipofika la tano la Mzee Kenga, vidole vikapunguza mwendo. Alipofika la tano la Kiti, vikasimama.

"Bi Sheikha," Mwalimu Levi akasema, "unaruhusiwa kupiga chapa. Huruhusiwi kulia."

"Silii. Ni wino umeniingia."

"Kompyuta haina wino."

"Basi ni vumbi. N'ache, mwalimu."

Mwalimu Levi alisogea nyuma yake asome kilichomsimamisha. Akasoma cha kwanza. Akasoma cha pili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaenda kusimama mlangoni, akiwapa watu mgongo.

"Kumetokea nini?" Tumu akauliza.

"Mtihani ni siri, mama," Mwalimu Levi akasema.

Mzee Kenga alitoka akaelekea kulia. Kiti akatoka akaelekea kushoto. Walikuwa bado wamevaa mashati yaleyale. Hawakusemezana, na jioni ile hakuna aliyekula kwa Tumu.

*

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tisa. Sheikha alimwita Mzee Kenga aje saa nane. Akamwita Kiti aje saa nane. Miaka miwili alikuwa akiogopa wasije wakakutana, na sasa alifunga mlango akaweka ufunguo kwenye kanga.

"Nasoma," akasema. "Kaeni."

Hawakukaa.

"Bodi ya mitihani imesoma majibu ya swali la tano. Watahiniwa wote wawili wameeleza tukio moja: mlango uliachwa wazi, mvua, na magunia mia mbili na kumi na mawili ya saruji. Idadi ni ileile. Hili liliitia bodi shaka kubwa."

Kiti akafumba macho.

"Hata hivyo, mtahiniwa Kenga Kiti ameandika kwamba karani alikosea kumtaja mwanawe mbele ya watu. Anasema karani alihesabu mifuko ya saruji akasahau kuhesabu pengo. Anasema angeweza kumwendea tajiri faraghani, akabeba yeye lawama, na kwamba hajalala vizuri tangu siku hiyo."

Mzee Kenga alikuwa akitazama rafu ya maboksi.

"Mtahiniwa Kiti Kenga ameandika kwamba karani alifanya sawa. Anasema kama karani angenyamaza, wangefukuzwa vibarua wawili wasio na kosa waliokuwa zamu siku ile, na mmoja wao ana watoto wanne. Anasema mlango aliuacha yeye, na alilijua hilo siku ileile, na tangu hapo hasira yake imekuwa ya aibu."

Sheikha akageuza karatasi.

"Bodi imeridhika kwamba mtu mmoja hawezi kuwa na rai mbili zinazopingana kiasi hiki, na kuzitetea zote kwa ukali uleule. Watahiniwa ni wawili. Wote wamefaulu."

Hakuna aliyeshangilia. Nje mtu alikuwa akiuza kahawa, akigonganisha vikombe.

"Uliandika nilifanya sawa?" Mzee Kenga akauliza.

"Uliandika ulikosea?"

"Nilikosea."

"Hukukosea. Mlango niliuacha mimi."

"Ningeweza kunyamaza."

"Ungenyamaza angefukuzwa Thoya, na Thoya alikuwa na watoto wanne."

"Ningesema ni mimi niliyeuacha."

"Nani angekuamini? Wewe? Huyo Morris mwenyewe hajaamini mpaka leo kwamba ulikosea gunia moja."

"Nilikosea, nimekwambia. Usinibishie."

"Baba, nakwambia hukukosea!"

Neno lilikuwa limeshatoka. Wote wawili walilisikia. Kiti akatazama chini, babake akatazama juu, na Sheikha akafungua mlango haraka kwa sababu vumbi lilikuwa limemwingia tena.

Tumu alikuwa palepale barazani.

"Wamefaulu?" akauliza.

"Wamefaulu."

"Mbona wanagombana?"

"Kila mmoja yuwataka kosa liwe lake."

Tumu akasimama, akakung'uta kanga yake. "Haya. Waambie chakula kiko mezani. Kwa sababu wanasemezana."

*

Yaliyowapata wote ni haya.

Lori lilifika Kigali likiendeshwa na mtu mwingine. Mbolea ilihesabiwa huko. Ilikuwa magunia mia tano na sitini.

Kiti hakurudishiwa lori. Sasa ni msimamizi wa ghala katika kampuni nyingine, hukohuko Shimanzi, na huwafundisha makarani wake kuhesabu mapengo. Hawaambii aliitoa wapi hesabu hiyo. Wanaijua.

Chuo kimeongeza mstari mmoja kwenye fomu zake, kuuliza jina la babu. Sheikha anasema umewachanganya zaidi. Wanafunzi wake wamefika sitini na wanane, na amemaliza maboksi yote ya viatu ya maduka ya jirani. Sasa anatumia ya vigae.

Mwalimu Levi anaendelea kupekua mikono ya mashati. Juzi alimpekua imamu.

Chonga yuko langoni. Analalamika kwamba siku hizi baba na mwana wanazungumza moja kwa moja tena kwa sauti kubwa, na yeye hapati usingizi wa mchana.

Morris alimwacha Mzee Kenga kazini, kwa kuwa shahada ilifika kabla ya Januari. Barua ya onyo nayo ilifika, ya kwanza katika miaka thelathini na moja, kwa kosa la kutoa hesabu isiyo sahihi. Mzee Kenga amezitia zote mbili fremu, akazitundika ukutani sebuleni. Mgeni akiingia huitazama shahada kwanza. Mwenyewe huonyesha ile nyingine.

Kache alijifungua tarehe ishirini na saba Desemba, siku ya Jumatatu, salama. Mtoto ni wa kiume.

Anaitwa Kenga Kiti. Sheikha amekiarifu chuo mapema.